Mji Uliojengwa na Foleni

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 97,000 katika mji wa Tunduma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 219,000. Katika miaka kumi tu mji umezidi mara mbili, na yeyote aliyeishi hapa katika kipindi hicho hahitaji karatasi za sensa kumthibitishia, maana ameona mashamba ya mahindi yakigeuka viwanja, na viwanja vikigeuka nyumba ambazo kuta zake zinagusana. Mkoa mzima wa Songwe katika muda huohuo ulitoka watu 998,862 ukafika 1,344,687. Ni ongezeko kubwa, lakini halifanani na la Tunduma hata kidogo.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, watu hawa wamefuata nini? Tunduma haina mgodi. Haina bandari wala ziwa. Kahawa iko Mbozi, dhahabu iko upande wa Mkwajuni na Chunya, makao makuu ya mkoa yako Vwawa. Hata maji ya kunywa ni ya kubahatisha, na mama anayeamka saa tisa za usiku kupanga ndoo zake atakuambia hivyo kwa maneno makali kuliko yangu.

Nimefundisha katika shule za msingi za Mbozi na Tunduma tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo yote nimesikia historia ya mji huu ikisimuliwa kwa mambo mawili, yaani mpaka na magendo. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo mimi naona liko jambo la tatu lililoujenga mji, nalo ni kungoja. Kila zama imewaleta hapa watu waliotaka kwenda mbali zaidi, wakazuiwa kwa saa, kwa siku au kwa majuma. Na sisi wenyeji tumekula, tumejenga na tumesomesha watoto kwa huo muda wao uliopotea.

Mstari wenyewe una historia ya ajabu. Katika miaka ya 1880 palikuwa na njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha ili ikatwe kutoka Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, mpaka Ziwa Tanganyika. Jina lilikuwa barabara, lakini sehemu kubwa ilikuwa njia ya wapagazi tu. Waingereza waliithamini sana. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi hizi kwa mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, mstari ulipita kaskazini ya barabara hiyo ili ibaki mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima na kuuwekea alama. Kule Ileje mpaka wetu na Malawi ni Mto Songwe, na kila mtu anauona. Hapa Tunduma unapita nchi kavu, na kwa macho matupu hakuna kinachoonyesha kwamba nchi moja imekwisha na nyingine imeanza. Wanyamwanga walikuwapo pande zote mbili kabla ya mkataba, nao wapo pande zote mbili hadi leo.

Kwa muda mrefu mstari huo haukumzuia mtu. Kilichouimarisha, kwa maoni yangu, ni shule. Upande wetu Wamoravian kutoka Ujerumani walikuwa wamefungua misheni Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, na serikali ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, ikaendesha mambo yake ya chini kwa Kiswahili. Upande wa pili, si mbali na Nakonde, Waskoti walikuwa na misheni yao ya Mwenzo, na wasomi wa huko wakaelekea Kiingereza na Kibemba. Watoto wa babu mmoja wakaanza kuhesabu kwa lugha mbili tofauti. Hata samaki walibadilika majina: sisi tunakula dagaa, wenzetu wanakula kapenta, na wote wametoka katika Ziwa Tanganyika lilelile.

Mwenzo inanivutia kwa sababu nyingine pia. Hapo ndipo mwaka 1912, na tena mwaka 1923, waliposimamisha chama cha maendeleo ambacho hutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika iliyokuwa Northern Rhodesia. Kiongozi wake mmoja alikuwa Donald Siwale, naye David Kaunda, baba yake Rais Kenneth Kaunda, alikuwa miongoni mwa wenzake. Walikuwa walimu na watu wa kalamu waliohoji mambo ya kodi katika siku ambazo kumhoji mzungu hakukuwa jambo dogo. Wanaodhani kwamba siasa ya Afrika ilianzia mijini wangefanya vizuri kutembelea vijiji vya mpakani.

Vita ya 1914 hadi 1918 ilipita juu yetu mara mbili, kwenda na kurudi, na pande zote zilichukua watu wetu kuwa wapagazi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka na kikosi chake akipitia Fife, karibu na Nakonde ya leo, akaendelea kusini mpaka habari ya mwisho wa vita ilipomkuta. Akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba. Nadhani hao ndio waliovuka mpaka huu bila kungojeshwa.

Kisha wakaja wanaume waliotafuta kazi. Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa na Wanyamwanga walikwenda Kopabeliti kuchimba shaba, na wengine wakaandikishwa na WENELA kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wapo waliorudi na baiskeli na sanduku la bati, na wapo ambao hawakurudi. Mjomba wangu mmoja alikaa Kitwe miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa cha kutafuta. Ila watu hawa hawakuujenga mji. Walipita. Tunduma ya utoto wangu ilikuwa kituo cha forodha, maduka machache na vumbi.

Mji ulianza kwa sababu ya jambo lililotokea mbali, Salisbury, tarehe 11 Novemba 1965. Siku hiyo Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, ilitegemea njia za kusini kwa karibu kila kitu, na vikwazo vya mafuta vilipoanza ikajikuta haina petroli. Ndipo malori yalipoanza kupakia mapipa ya mafuta Dar es Salaam na kuyaleta huku kwa barabara ya udongo. Waingereza waliiita njia ya jehanamu, na aliyeiona wakati wa masika hakubishana nao. Malori yalikwama, yalipinduka, yaliungua. Yaliyofika mpakani yaliegeshwa, na madereva wakahitaji chakula, mahali pa kulala na mtu wa kuwafulia. Nyumba za kwanza za wageni zilijengwa kwa miti na udongo, na wenyewe hawakujua kwamba wanaanzisha mji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Januari 1973 mpaka wa Rhodesia na Zambia ukafungwa kabisa, na Kaunda hakuirudia njia ya kusini mpaka Oktoba 1978. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyokuwa ikipeleka shaba bandari ya Lobito. Kila mlango uliofungwa kwa Zambia uliongeza watu Tunduma.

Na reli! Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, yuan milioni 988, na mataruma yakafika Tunduma Agosti 1973. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana. Watu walitembea kutoka vijijini kwenda kutazama jinsi Wachina wanavyolaza reli, na wazee waliotazama sana ni wale waliowahi kwenda Kopabeliti kwa miguu. Walikuwa wakipiga hesabu ya siku. Njia nzima, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Wengi tulidhani kwamba reli itaifanya Tunduma kuwa kituo kidogo, yaani treni itapita na malori yatakoma. Haikuwa hivyo. Reli ilipungukiwa na injini, mizigo ikarundikana, barabara ikaendelea kuelemewa.

Miaka ya 1979 hadi 1985 ndiyo iliyotupa sifa ya magendo, na hapa naomba niseme kwa haki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na hazina ilikuwa tupu. Dukani hakukuwa na sabuni, sukari wala mafuta ya kula. Nakonde vilikuwapo, na unga wa mahindi wa Zambia ulikuwa wa ruzuku, wa bei ndogo. Mtu mwenye shangazi upande wa pili, anayevuka kwenda msibani na kurudi na vipande sita vya sabuni, alikuwa mhalifu kwa mujibu wa sheria. Nyumbani aliitwa baba mwema. Mwaka 1983, katika kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mali ilitupwa usiku vichakani na watoto wakaiokota asubuhi wakija shule. Nimewahi kukuta darasa zima linanukia sabuni ya kuogea. Sikuuliza swali. Mwaka uliofuata serikali ilianza kulegeza biashara, na baada ya Rais Mwinyi kuingia mwaka 1985 bidhaa zikaanza kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia badala ya kutoka Zambia kuja kwetu. Mto uligeuka, ila waliokuwa wakivua ni walewale.

Afrika Kusini ilipopata serikali ya wote mwaka 1994, na baadaye migodi ya Kongo ilipoamka, malori yakawa ya mataifa. Yanapeleka mafuta, mbolea, salfa na mitambo. Yanarudisha shaba kutoka Lubumbashi na Kolwezi. Barabara ya Sumbawanga, kilomita zaidi ya 200, nayo ikapata lami kwa fedha za Marekani, na mahindi na maharage ya Rukwa yakateremkia hapa. Wakati huohuo UKIMWI ulikuwa umekwisha kuingia. Mji ambao wanaume wamelala siku tano mbali na wake zao, wana fedha mfukoni na hawana kazi ya kufanya, ulikuwa mahali pabaya pa kukutana na ugonjwa huo. Mwalimu aliuona kwa njia yake: mtoto anahamishwa kwa bibi yake Mbozi, au bibi anakuja kumwandikisha mjukuu na penye nafasi ya jina la baba anakaa kimya.

Niliyoyajua zaidi ni ya darasani. Mahudhurio yalifuata foleni. Foleni ikirefuka, viti vya nyuma vilikuwa tupu. Wavulana walikuwa barabarani na mayai ya kuchemsha, wasichana walikuwa wakimsaidia mama kuosha vyombo. Foleni ikifupika walirudi, lakini sasa bila sare na bila daftari, kwa kuwa mama hakuuza. Wakaguzi walitaka sababu ya utoro. Niliandika ugonjwa, msiba, kuhama. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika malori.

Kwa nini malori yanangoja? Watu husema rushwa, na siwezi kusema haipo. Lakini ziko sababu nyingine. Zamani kila lori lilikaguliwa mara mbili, likitoka nchi moja na likiingia nyingine, na ofisi za huku hazikufuata saa za kule. Karatasi ikipungua muhuri, wakala alirudi mwanzo. Isitoshe Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, na ilijitoa COMESA mwaka 2000. Zambia imo COMESA na SADC. Ni majirani wanaokula meza moja lakini wamekaa kwenye vikao tofauti, na kila kikao kina fomu zake. Ongeza mizani, mtandao wa kompyuta unaokatika, na barabara moja nyembamba inayopita katikati ya soko.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua hapa kituo cha pamoja cha forodha. Utaratibu wake ni mzuri: anayekwenda Zambia anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili kule Nakonde, na anayekuja kwetu anakaguliwa na wote hapa Tunduma, yaani anasimama mara moja. Miezi michache baadaye likaja janga la korona. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi kugunduliwa kule, na tukaona foleni ambayo hata wazee wa njia ya jehanamu hawakuwahi kuiona. Mara hiyo hakukuwa na biashara nyingi ya kufanya, kwa kuwa dereva aliogopwa. Mama wa sufuria alijikuta hana mteja na malori yapo mbele yake. Hata sasa foleni hutokea, kwa sababu mizigo ya Kongo imeongezeka kuliko njia.

Serikali inaiangalia Tunduma kama lango. Lango likifanya kazi vizuri, lori linapita bila kuzima injini. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Nyumba za wageni, gereji, mabanda ya chakula, wabadilisha shilingi na kwacha waliokaa na mabunda mapajani, mawakala wadogo, vijana wa kulinda matela usiku, hao wote wanakula kutokana na ucheleweshaji. Lango likifunguka, wapanda bei za usafirishaji watashuka na Zambia itapata mbolea nafuu, nalo ni jambo jema. Ila hakuna mpango niliousikia unaowataja watu hawa. Sisemi foleni ibaki. Dereva aliyelala chini ya tela katika baridi ya Juni ya huku hastahili kuwa mtaji wa mtu.

Na mabadiliko yako njiani. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua TAZARA kwa fedha za China, dola za Marekani bilioni 1.4. Kule Angola reli ya Lobito imekwisha kukabidhiwa kampuni za kuiendesha, na Wamarekani na Wazungu wanaipigania ivute shaba ya Kongo kwenda Atlantiki. Mojawapo ya hizo ikifaulu, malori yatapungua. Zikifaulu zote mbili, sijui Mpemba itakuwaje. Nilimweleza habari hizi mama mmoja niliyemfundisha darasa la nne, ambaye sasa ana banda la chakula. Alisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai, akasema: "Mwalimu, hata mabehewa yanangoja injini." Anayo haki, kwa kuwa ameiona reli. Lakini nilimwona akimwuliza dereva wa pili kama kweli.

Mkoa ulipozaliwa Januari 2016, watu wa hapa walinung'unika kwamba makao makuu yamekwenda Vwawa. Mimi sikununa. Mkuu wa mkoa hakai foleni, na mji hauhitaji bendera nyingine. Unahitaji maji, vyumba vya madarasa, na ardhi iliyopimwa kabla haijajengwa. Zaidi ya hayo ningependa halmashauri ihesabu watu wanaoishi kwa foleni kabla foleni haijafupishwa, ili ijulikane ni kaya ngapi na zina ujuzi gani mwingine. Kazi hiyo walimu wakuu wanaweza kuifanya kwa majuma mawili, kwa maana kila daftari la uandikishaji lina nafasi ya kazi ya mzazi. Katika miaka yangu ya mwisho kazini, katika nafasi hiyo niliandika "biashara ndogo ndogo" ukurasa baada ya ukurasa. Madaftari hayo bado yapo kabatini.